Waliotaka Kufunga kwa Heshima: Uchambuzi wa Kisa cha Kampuni ya Opera

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea mwaka 2014 katika mji mkubwa wa bandari kwenye pwani ya Pasifiki nchini Marekani. Majina ya kampuni, ya mji na ya watu waliohusika nimeyaondoa. Mfuatano wa matukio na takwimu ni vile vilivyoripotiwa hadharani wakati ule.

Kampuni nyingi za sanaa hufa kwa madeni: mishahara inachelewa, wadai wanakwenda mahakamani, milango inafungwa. Hii ilikuwa tofauti. Bodi yake ilipiga kura ya kuifunga ikiwa bado ina uwezo wa kuwalipa watu wake, msimu ukiwa unaendelea na waimbaji wakiwa mazoezini. Miezi miwili baadaye kura hiyo ikafutwa. Ndiyo maana naona kisa hiki kinamfaa mtu yeyote anayekalia kiti cha bodi, hata kama hajawahi kusikia opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, maishani mwake.

Kampuni ilivyokuwa

Kampuni ilianza kuonyesha opera zake yenyewe mwaka 1965, kwa hiyo ilikuwa imebakiza mwaka mmoja tu kusherehekea nusu karne. Mkurugenzi mkuu alikuwa kwenye kiti tangu mwaka 1983. Ndiye aliyechagua opera, akaajiri waimbaji, akapanga bajeti na kukaa na wafadhili wakubwa. Katika nyumba nyingi za opera kazi hizo hugawanywa kwa watu wawili, mmoja wa sanaa na mmoja wa utawala. Hapa zilikuwa mikononi mwa mtu mmoja kwa miaka zaidi ya 30.

Alikuwa amefanya kazi ya kuheshimika, na hilo lisipotajwa kisa hakieleweki. Waimbaji wa daraja la juu duniani walikuwa wakifika mji ule kwa sababu yake. Na kwa zaidi ya miaka 25 mfululizo hesabu zilifungwa bila nakisi, jambo ambalo kampuni chache za sanaa nchini humo zingeweza kujivunia.

Utaratibu wa mwaka ulikuwa hivi: opera nne kubwa kati ya Januari na Aprili, kila moja ikionyeshwa mara nne, katika ukumbi wa kukodi wenye viti karibu 3,000. Okestra ilikuwa ile ya mji, iliyokuwa ikikodishwa kwa wiki za opera. Kampuni ilikuwa pia na karakana yake ya kutengeneza mandhari ya jukwaa, na ilizikodisha mandhari hizo kwa kampuni nyingine.

Tuutazame ukumbi huo kwa makini. Mwimbaji wa opera haimbi kwa kipaza sauti. Sauti yake peke yake ndiyo inayopaswa kuvuka okestra nzima na kumfikia aliyekaa safu ya mwisho. Ukumbi wa viti 3,000 unadai sauti kubwa, sauti kubwa ni chache duniani, na uchache huo unalipiwa. Unadai pia kwaya kubwa, mandhari makubwa na okestra kamili, maana mandhari madogo hupotea jukwaani. Halafu inabidi uujaze. Opera nne mara maonyesho manne ni usiku 16, na usiku 16 katika ukumbi ule ni viti karibu 48,000 vya kuuza ndani ya miezi minne. Kwa miezi iliyobaki, mkazi wa kawaida wa mji hakuwa na sababu kubwa ya kukumbuka kwamba kampuni ipo.

Gharama ambazo hazishuki

Mwaka 1966 wanauchumi William Baumol na William Bowen walieleza tatizo ambalo kila meneja wa sanaa za jukwaani hukutana nalo. Kiwandani, mashine humwezesha mfanyakazi mmoja kutoa leo mara nyingi ya alichokitoa babu yake, na mshahara wake unapanda kwa sababu hiyo. Opera ya Verdi, mtunzi wa Kiitalia wa karne ya 19, inahitaji leo watu wale wale na saa zile zile ilizohitaji alipoiandika. Lakini mpiga fidla naye anaishi mjini, analipa kodi ya nyumba na bima, na mshahara wake lazima ufuate wa wenzake. Kwa hiyo gharama ya onyesho hupanda kila mwaka bila onyesho lenyewe kuongezeka hata dakika moja.

Ujerumani pengo hilo huzibwa na serikali. Majumba takriban 80 yanayoonyesha opera yanaishi kwa fedha za umma. Marekani ruzuku ya serikali ni ndogo sana. Tiketi hulipia sehemu tu, na sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka mifukoni mwa watu binafsi. Mkurugenzi wa opera wa Marekani kwa hiyo ana kazi mbili: kuonyesha opera, na kuomba.

Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 kuomba kulikuwa kugumu. Opera Pacific ya kusini mwa California ilifunga Novemba mwaka huo huo. Baltimore Opera iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai Desemba, na mwaka uliofuata mali zake zikauzwa. Opera Boston ilifunga mwishoni mwa 2011. Kisha, Oktoba 2013, New York City Opera, iliyoanzishwa mwaka 1943 ili watu wa kipato cha kawaida nao waione opera, iliwasilisha hati za ufilisi baada ya kuumega miaka mingi mfuko wake wa wakfu, yaani mtaji ambao hutakiwa kubaki na kutumika faida yake tu. Wakati huo huo, tangu Desemba 2006, Metropolitan Opera ya New York ilikuwa ikirusha maonyesho yake moja kwa moja kwenye majumba ya sinema. Mtu wa mji wowote wa Marekani angeweza kuwaona waimbaji bora duniani kwa bei ya tiketi ya sinema iliyoongezwa kidogo.

Pengo lililozibwa na wasia

Tajiri mmoja wa mji aliyefariki mwaka 2003 aliiachia kampuni kwa wasia takriban dola milioni 10. Fedha kama hizo zina njia mbili. Unaweza kuziweka wakfu, mtaji ukabaki na ukatumia faida yake tu kila mwaka. Au unaweza kuzitumia zenyewe. Kampuni ilizitumia. Mwaka baada ya mwaka mauzo ya tiketi yaliposhuka na michango ilipopungua, wasia uliziba pengo, na hesabu zikafungwa bila nakisi.

Kihasibu hakuna uongo hapo. Kimkakati ni mkulima anayekula mbegu na kuziandika kwenye daftari la mavuno. Ile rekodi ya miaka zaidi ya 25, ambayo kampuni iliitangaza kwa fahari, ilikuwa katika miaka yake ya mwisho imeacha kuonyesha kama kampuni inajimudu. Ilionyesha tu kwamba akiba haijaisha.

Kufikia msimu wa 2014 ilikuwa imekwisha.

Kura ya tarehe 19 Machi

Bodi ilikuwa na wajumbe zaidi ya 50. Wengi wao walialikwa kwa sababu wana uwezo wa kuchangia na wanaipenda opera, na kwa mazoea ya miaka mingi waliletewa maamuzi yakiwa tayari. Kwenye kikao cha tarehe 19 Machi 2014 walielezwa kwamba mapato ya tiketi na michango hayatoshi kuendesha msimu unaofuata, na kwamba ni bora kufunga sasa, mikataba iliyopo ikiheshimiwa, kuliko kusubiri mahakama ije ifunge. Kura zilikuwa 33 kwa 1. Siku hiyo hiyo tangazo likatoka kwamba kampuni itafunga kwa heshima msimu ukiisha.

Siku iliyofuata, tarehe 20, ratiba ilikuwa na Requiem ya Verdi, misa ya kuwaombea wafu. Ilikuwa imepangwa muda mrefu kabla. Wanakwaya waliosimama jukwaani usiku ule walikuwa wamejua kwa siku moja tu kwamba kazi yao inakwisha, na wengi walikuwa wamejulia kwenye taarifa za habari. Okestra ya mji nayo ilikuwa inapoteza wiki za kazi ilizozitegemea kila mwaka. Hakuna aliyekuwa ameulizwa.

Hoja ya bodi, na udhaifu wake

Ni rahisi kuwacheka wajumbe wale 33, na si haki. Walichoambiwa kilikuwa na mantiki. Miezi mitano tu ilikuwa imepita tangu New York City Opera ifilisike hadharani, wasanii wakiwa wameshasaini mikataba. Mtu mwenye dhamana hataki hilo litokee chini ya jina lake. Mkurugenzi aliamini pia kwamba opera iliyopunguzwa ubora si opera. Ni afadhali kutokuwepo kuliko kuwaonyesha watu kitu hafifu. Mimi naiheshimu imani hiyo. Msanii asiye na kiwango asichokubali kushuka chini yake hawezi kuongoza nyumba ya sanaa.

Lakini swali lililowekwa mezani lilikuwa hili: je, tunaweza kuendelea kama tulivyo? Jibu la kweli lilikuwa hapana. Kutoka hapo wakaruka hadi kufunga. Katikati kulikuwa na maswali ambayo hayakuwekwa mezani. Kwa nini opera nne na si tatu? Kwa nini ukumbi ule kwa kila onyesho? Kwa nini mwaka mzima ubanwe kwenye miezi minne? Je, mji uliokaa karibu kabisa na mpaka wa Meksiko, wenye wakazi wengi wanaozungumza Kihispania nyumbani, umeshaulizwa ungependa kusikia nini? Mwaka 2013 kampuni yenyewe ilikuwa imeonyesha opera iliyoandikwa kwa muziki wa mariachi, muziki wa jadi wa Meksiko. Dokezo lilikuwa ndani ya nyumba.

Maswali hayo hayakuulizwa kwa sababu aliyepaswa kuyaleta ndiye aliyejenga mfumo uliokuwa unahojiwa. Bodi haikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza, haikuleta mtaalamu wa nje kabla ya kura, na haikuomba iandikiwe mpango wa pili.

Wiki nane zilizofuata

Mji ulishtuka. Ombi la mtandaoni la kutaka kampuni iokolewe lilipata saini zaidi ya 20,000. Ndani ya kampuni, wafanyakazi walianza kuandika bajeti mbadala wao wenyewe. Mjumbe mmoja wa bodi akaahidi dola milioni 1 kutoka mfukoni mwake kwa sharti kwamba njia nyingine itafutwe. Mwisho wa Machi bodi ikasogeza tarehe ya kufunga kutoka katikati ya Aprili hadi mwishoni, na ikawaita watu wa Opera America, chama cha kitaifa cha kampuni za opera, waje kushauri.

Hapo ndipo ilipoonekana kwamba bodi haikuwa moja. Kikao cha tarehe 17 Aprili kilikuwa kigumu. Mwenyekiti alijiuzulu na kutoka, na wajumbe wengine zaidi ya kumi wakamfuata. Mjumbe aliyetoa ile milioni akakabidhiwa uongozi. Wiki iliyofuata mkurugenzi mkuu akapewa likizo ya lazima.

Ndipo likaja jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa kisa hiki. Uongozi mpya ulianzisha harambee ya mtandaoni yenye lengo la dola milioni 1. Zilipatikana zaidi ya milioni 2, kutoka kwa watu wapatao elfu mbili na zaidi, baadhi yao wakiwa nje kabisa ya mji ule. Hawa hawakuwa matajiri wa orodha ya zamani. Wengi walichangia viwango vya kawaida kabisa. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba michango ya mji imekauka, kumbe iliyokauka ni ile ya watu wachache waliozoeleka kuombwa.

Tarehe 19 Mei, miezi miwili kamili baada ya kura ya kwanza, bodi ilitangaza kwamba kampuni haifungwi.

Matokeo

Bajeti ilikatwa kutoka takriban dola milioni 15 kwa mwaka hadi kama milioni 10 na nusu. Msimu wa 2015, ule wa miaka 50, ulikuwa na opera tatu kubwa badala ya nne: La bohème, Don Giovanni, na Nixon in China ya John Adams, kazi ya mwaka 1987. Ya nne ilikuwa opera nyingine ya mariachi. Mwaka huo huo akaajiriwa mkurugenzi mpya aliyetoka kwenye kampuni ndogo ya New York iliyozoea kufanya opera katika maeneo yasiyo ya kawaida. Chini yake maonyesho yakagawanywa: machache katika ukumbi mkubwa, mengine madogo katika kumbi za viti vichache, yenye waimbaji wachache na okestra ndogo.

Mabadiliko hayo yaliwasaidia wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19. Oktoba 2020, nyumba nyingi za opera zikiwa zimefungwa, kampuni hii ilionyesha La bohème kwenye uwanja wa kuegesha magari, watazamaji wakiwa ndani ya magari yao. Kampuni ya mwaka 2013, ya ukumbi mmoja na njia moja ya kufanya mambo, sidhani ingelifikiria hilo. Na mwaka 2022 ilizindua opera mpya kabisa ya Kihispania kuhusu wachoraji wawili wa Meksiko.

Si kila kitu kilipona. Maonyesho makubwa machache maana yake ni wiki chache za kazi kwa okestra, kwa wanakwaya na kwa mafundi wa jukwaa, na wao ndio waliosimama mbele kuiokoa. Wapo wapenzi wa zamani waliosema kwamba zile sauti kubwa hazifiki tena kama zamani. Hawakosei.

Kilichoshindwa

Kosa la kwanza ni la kipimo. Hesabu zisizo na nakisi ziligeuka kutoka chombo cha usimamizi hadi kuwa lengo lenyewe. Bodi iliyojali mkakati ingedai kila mwaka karatasi moja yenye mambo matatu: tiketi zilizouzwa kwa bei kamili, idadi ya watu waliochangia (watu, mbali na jumla ya fedha), na kiasi cha akiba kilichotumika kuziba pengo. Karatasi hiyo ingewatisha miaka mingi kabla ya 2014, wakati bado kulikuwa na mamilioni ya kufanyia majaribio. Mabadiliko yaliyofanywa baada ya wasia kuisha yangeweza kufanywa ukiwa bado upo, bila kumfukuza mtu na bila kuvunja bodi.

La pili ni la mamlaka. Kiongozi aliyekaa miaka 30 na kufanikiwa huzungukwa na watu waliozoea kumwamini, na kuamini huko huonekana kama utulivu. Ukubwa wa bodi haukusaidia. Katika chumba cha watu zaidi ya 30 kila mmoja hudhani mwenzake ameshazisoma hesabu. Ningependa kujua yule mmoja aliyepiga kura ya hapana alisema nini kabla ya kura, na kwa nini hakupewa nusu saa zaidi. Uamuzi wa kufunga taasisi ya nusu karne haupaswi kamwe kupitishwa kwenye kikao kile kile ulikowasilishwa. Weka wiki tatu katikati. Wape wafanyakazi wakuu nafasi ya kuleta mpango wa pili. Wakishindwa, mtakuwa mmepoteza wiki tatu.

La tatu ni la heshima. Neno hilo lilitumika kwa dhati, lakini lilitazama upande mmoja: heshima ya bodi, ya mkurugenzi, ya jina la kampuni. Mwanakwaya aliyesikia kwenye habari kwamba kazi yake imekwisha hakuheshimiwa, wala familia iliyonunua tiketi za msimu kwa miaka 20 na kuzirithisha kwa watoto.

Kilichofanya kazi, na kisichoweza kurudiwa

Kuna watu husoma kisa hiki wakahitimisha kwamba nguvu ya umma iliiokoa kampuni. Harambee ilileta fedha na, zaidi ya fedha, ikaleta ushahidi kwamba mji unaitaka opera. Lakini dola milioni 2 zisingetosha kuendesha hata robo ya mwaka kwa bajeti ya zamani. Kilichoiokoa ni kwamba fedha zilikuja pamoja na bajeti mpya na watu wapya wa kuitekeleza. Zingekuja peke yake, zingefuata njia ya ule wasia.

Tena, harambee ya aina hiyo hufanikiwa mara moja. Tangazo la kufunga, bila yeyote kukusudia, ndilo lililokuwa kampeni kubwa kuliko zote ambazo kampuni iliwahi kufanya. Huwezi kuwatangazia watu msiba mwaka huu na mwaka ujao tena. Kwa hiyo kazi halisi ya uongozi mpya ilianza tarehe 20 Mei: kuwageuza wale wachangiaji wapya wawe watu wanaochangia wakati hakuna dharura, wanaoijua kampuni kwa majina ya wasanii wake na wanaoiona mtaani kwao mwezi Septemba kama wanavyoiona Februari. Zile kumbi ndogo zilikuwa na maana hiyo pia, mbali na kupunguza gharama. Mtu aliyekaa hatua nne kutoka kwa mwimbaji, akamwona akivuta pumzi kabla ya sauti ya juu, hukumbuka.

Ugonjwa ule wa gharama aliouandika Baumol haujapona, wala hautapona. Ukumbi mdogo unaupunguza kasi tu. Kila bajeti ya kila mwaka bado inaanza na pengo kati ya tiketi na gharama. Tofauti ni kwamba hakuna tena wasia wa kulificha.